Sambusa za Kando

Marehemu baba yangu alinisemesha kule ufukweni Mama Ngina, Mombasa, nikiwa mbele ya karai la mafuta ya moto, na wakati huo tulikuwa tumeshamaliza hata kisomo cha arubaini yake.

"Za dadangu ziwekeni kando. Musizitie pilipili."

Sauti ilikuwa yake, pamoja na kile kikohozi kidogo cha kusafisha koo kabla ya kuamrisha watu. Upawa uliniponyoka ukazama kwenye mafuta. Niligeuka nyuma mbio, kama mtoto aliyeitwa na mkubwa wake. Nyuma yangu palikuwa na familia imekaa juu ya ukuta inakula mihogo ya kukaanga, basi.

Sauti ilitoka kwenye simu ya mwenye familia ile, mteja wetu mmoja, mtu wa bara anayefanya kazi bandarini. Alihamia Ganjoni juzijuzi tu, hakuwahi kumwona baba. Jumapili jioni huwaleta wanawe kupunga upepo na kula sambusa. Watoto ndio walioishika ile simu, wanairudia video, na kila ikifika mwisho wanaiga kwa pamoja, "Musizitie pilipili!", kisha wanaangukiana kwa kicheko.

"Dada, huyu mzee ni nani?" akaniuliza. "Mmemweka leo kwenye stetasi yenu. Watoto wamempenda, ikabidi niihifadhi. Tangu asubuhi nyumbani hakukaliki."

Nikamwambia ni baba yangu. Kwamba amekufa sikumwambia. Ningemwambiaje, na watoto wanacheka vile? Nikamwomba simu niitazame mwenyewe, na hapo nikaona balaa.

Lazima nieleze. Biashara yetu ni ya nyumba moja. Mama hukunja sambusa kwetu Mji wa Kale, ghorofani, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu. Mbichi zilizogandishwa tunauza kwa simu na bodaboda huzipeleka. Za moto tunakaanga Mama Ngina. Karai lilikuwa la baba, na porojo na wateja zilikuwa zake pia. Alipofariki, mimi nikashika karai na mama akashika simu ya biashara, maana alikuwa edani. Kwetu mjane aliye edani hatoki ovyo, hajitii manukato, hapaki wanja, na hina haiguswi kabisa.

Sasa ile video ilionyesha mikono ya mama ikikunja manda za sambusa, sura haimo, na mikono ile imejaa maua ya hina na piko mpaka karibu na viwiko. Niliipiga mwenyewe siku za harusi ya binamu yangu, baba akiwa mzima, amesimama pembeni anatoa amri zisizo na kazi. Mimi nilijua ni ya zamani. Mji ungejuaje? Mji ungeona mjane amejipamba hina, tena anajitangaza kwenye simu za wanaume.

Nilizima jiko, nikampa jirani yangu wa mihogo karai anitunzie, nikaingia kwenye tuktuk. Njia nzima nyongo imenipanda. Nilikuwa na hakika kuna mtu ameiba simu ya biashara ili kutuchafulia jina, na nilishaanza kumchagulia matusi.

Mama nilimkuta chini kwenye mkeka, na manda zake na kibakuli cha gundi ya unga.

"Nani ameiweka video ile?"

"Mimi," akasema, wala hakuinua uso.

Matusi yangu yote yalikosa mwenyewe. Nikamuuliza kama haoni mikono yake ilivyo. Akaitazama mikono yake halisi, mikavu, imejaa unga, kama aliyeulizwa habari ya mtu mwengine.

"Hina sikuiona," akasema. "Mimi ile huisikiza, mwanangu, siitizami. Mimi siwezi kutoka. Nikasema basi yeye na atoke kidogo, akazungumze na wateja wake."

Nilitaka kukasirika na hasira hazikuja. Na kabla sijakaa vizuri, ikasikika hodi moja na salamu nusu, akaingia shangazi yangu.

Shangazi ni dada yake baba, dada wa pekee, anakaa kichochoro cha pili. Yeye na mama ni mawifi hasa. Tangu nilipokuwa mdogo, kila sahani ya sambusa niliyompelekea ilipokewa kwa lawama ile ile: "Wateja wapewa sambusa, mimi napewa za mgonjwa. Dufu!" Na kweli zake zilikuwa dufu, nilishawahi kudokoa moja njiani. Mama hakujibu hata siku moja. Mimi nikajua ndivyo anavyolipiza kisasi, kimyakimya, kwa nyama isiyo na pilipili. Niseme ukweli, nilikuwa nikiifurahia ile vita.

Jioni ile shangazi hakuja na maneno ya sambusa. Alikuwa ametumiwa picha iliyokatwa kutoka kwenye video, mikono na hina tu, na aliyemtumia aliongeza maneno yake.

"Mumefanya nini nyinyi? Ndugu yangu kaburi lake halijakauka! Mji mzima waniuliza wifi yako ameolewa lini!"

"Ni ya zamani, shangazi, ya harusini."

"Nani atakayekwenda nyumba kwa nyumba kueleza? Nipani hiyo simu!"

"Wifi, ngoja," mama akasema, akanyoosha mkono wenye unga.

Wapi. Shangazi yangu si mtu wa kubabaishwa na simu. Yeye ndiye anayesimamia kundi la ukoo, na hufuta ujumbe wa watu wazima bila huruma. Aliifuta video kwenye stetasi. Akaingia kwenye picha, akaifuta na huko. Akaingia hata kwenye lile pipa la taka la simu, akalimwaga. Sekunde chache tu, na mimi nimesimama mdomo wazi. Akairudisha simu mkekani.

"Nimewasitiri," akasema.

Mama aliitazama ile simu. Hakupandisha sauti.

"Umemfuta ndugu yako."

"Nini?"

"Sauti yake ilikuwamo mle. Ndiyo pekee tuliyokuwa nayo."

Na ilikuwa kweli. Baba hakupenda kurikodiwa. Ukimwelekezea simu anageuka ukutani. Pale alisema kwa kuwa alidhani napiga mikono. Na simu yangu iliyoipiga ile video ilishakufa, ilitumbukia kwenye ndoo ya ukwaju.

Shangazi alikaa chini pale pale, juu ya manda, zikavunjikavunjika na hakuna aliyemwambia ainuke. Sijawahi kumwona mtu mzima akibadilika sura vile. Uso ulimwishia rangi.

"Alisema nini?" akauliza. "Alikuwa asema nini?"

Mama akasogeza kibakuli cha gundi kando. Mimi nami nilikuwa nimeduwaa kiasi kwamba jambo lililokuwa wazi kabisa lilichelewa kunijia: watoto wa Ganjoni, na baba yao aliyesema ameihifadhi.

Nikachukua simu, nikamtafuta kwenye oda. Safari hii ilibidi nimwambie. Nilimwandikia kuwa yule mzee ni marehemu, na video yetu imefutika, tafadhali atutumie ile yake. Tukakaa watatu tunaitazama simu. Jibu lilikuja: "Poleni sana dada. Sikujua. Watoto pia wanasema pole." Chini yake, video.

Nikapandisha sauti mpaka mwisho.

"Za dadangu ziwekeni kando. Musizitie pilipili."

Shangazi alifunika mdomo kwa mtandio. Akanipokonya simu, akairudia. Akairudia tena. Nilidhani analilia sauti, lakini alipoinua uso alikuwa anamtazama mama.

"Kumbe ni yeye?"

"Ni yeye," mama akasema. "Tangu ulipolazwa kwa vidonda vya tumbo. Aliogopa sana. Akaniambia zako zisitiwe pilipili na wewe usijue, maana ukijua ni amri yake utazila za pilipili makusudi."

"Na miaka yote hii nakutukana."

"Ulikuwa wanitukana huku wazila. Mimi nilitaka ule tu."

Mimi ndiye niliyezibeba zile sahani, na mimi pia nililia, kwa aibu kwanza, kisha kwa baba. Mama peke yake hakulia. Alianza kuokota manda zilizovunjika, akimwomba wifi yake asogeze goti.

Shangazi hakuomba radhi. Sijamsikia akiomba radhi tangu nizaliwe. Alijitumia video kwenye simu yake, akavaa viatu, akashuka ngazi. Kabla hajafika kwake kundi la ukoo lilikuwa limeshapokea ujumbe wake: hina ile ni ya harusini, ndugu yake alikuwa hai, na mwenye neno aje kwake mlangoni. Hakuna aliyejitokeza.

Asubuhi yake iliingia oda kwenye simu ya biashara, ya kwanza kabisa kutoka kwa shangazi. Alikuwa na wageni, anataka sambusa, na atalipa kama watu wengine. Mwisho akaandika, "Zangu ziwekeni kando."

Nikamsomea mama. Alikuwa jikoni, pilipili mkononi, haijaingia bado kwenye nyama. Kando yake kulikuwa na kibakuli kidogo cha nyama kimefunikwa. Za wifi yake alikuwa ameshazitenga.