Fundi Kwenye Benchi la Mahakama

Ofisini walimwita Mnyororo, kwa kuwa kila mpelelezi mpya alimpokea kwa somo lilelile. Rushwa haina shahidi: mtoaji na mpokeaji wote wamefunga midomo. Basi okota mambo madogo madogo, uyaunge kama pete za mnyororo, mpaka hakimu asione njia nyingine ila hatia. Mtaani panapofuka moshi pana moto. Hakimu huuliza kama moshi si wa jirani. Kesi kadhaa zilikuwa zimemkatikia mkononi, na siku hizi alipanda ngazi za mahakama akishika ukuta. Alikuwa amechoka, tusimpambe.

Safari hii aliunga vizuri. Mkuu wa manunuzi wa hospitali alimpa mkandarasi kazi ya wodi, na rangi ya wodi haijakauka, bosi huyo wa manunuzi akaibuka na nyumba mpya. Ilibaki pete moja tu: fundi wa vigae wa nyumba ile, aliyelipwa na mkandarasi yuleyule. Fundi huyo alikuwa shemeji yake Mnyororo, mume wa dada yake mdogo.

Asubuhi ya ushahidi, shemeji alikuja na shati lililopigwa pasi, wakaketi pamoja kwenye benchi la nje. Mara dada akawafuata, anahema.

"Kaka, huyu akisema, nani atampa kazi tena? Wenye majengo wote lao moja!"

"Bila yeye sina kesi, dada."

"Na mimi bila kazi yake nitalisha nini wanangu?"

"Nitasema tu," shemeji alisema, lakini alikuwa akimtazama mkewe.

Mnyororo ndiye aliyemlea dada huyo, tangu mama yao afariki. Alimtazama, moyo ukamlegea.

"Haya, rudini nyumbani."

Hakimu akasema huenda nyumba ni ya mkopo, shaka haijaondoka. Bosi akaachiwa huru, akampa Mnyororo mkono mbele ya watu. Naye akaupokea, hata hasira hana. Angalau, alijiambia, shemeji amebaki na kazi.

Wiki chache baadaye dada alimjia ofisini, hakuketi.

"Kila jengo wanamrudishia getini."

"Kwa nini? Si hakusema kitu?"

"Nani anauliza alisema nini? Alionekana kwenye benchi la mahakama, kakaa na wewe, na wewe ni shemeji yake. Imewatosha."