Hita Siku ya Arusi

Asubuhi ya arusi yake Tabby, fundi wa magari wa Thika, aliapa kwamba leo hatagusa spana. Kucha zilikuwa zimepakwa rangi, na Anko Gerishon, aliyemlea tangu babake afariki, alikuwa ameisugua Peugeot yake kuukuu mpaka inang'aa. Kanisa lilikuwa Ruiru, na bwana arusi, Kimanzi, alishafika.

Walipokaribia Juja, Tabby akaona mshale wa joto kwenye dashibodi ukipanda. Akajiambia utashuka. Haukushuka. Mvuke ukaanza kufuka kwenye boneti.

"Anko, paki kando."

Gerishon akashuka akiwa amejawa na aibu, akatoa leso, akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rediata.

"Usiguse!" Tabby akaruka nje na gauni lake lote. "Hayo maji yako ndani ya presha. Ukiiachilia sasa, yatafoka yakurukie usoni!"

Wakangoja injini ipoe. Lynn, rafiki yake aliyemsimamia, akalishika gauni lisiburute vumbini. Taa ya presha ya oili haikuwa imewaka, na hilo lilimpa Tabby moyo. Akachomoa kijiti cha kupimia: oili haikuwa imeingia maji. Mwishowe akakifungua kifuniko polepole, akakuta mpira wake umepasuka.

"Kumbe ni hiki tu," akasema. "Kikishika vizuri, presha inazuia maji yasichemke upesi. Kikivujisha, yanachemka mapema, na pampu inabaki kusukuma mapovu. Mapovu hayabebi joto."

"Si tuite teksi?" Lynn akauliza.

Tabby akamtazama anko wake, amesimama kando ya barabara na suti yake mpya. Ni yeye aliyemfundisha kufungua boneti, na boneti yenyewe ilikuwa hii.

"Hapana. Tutafika na hii."

Wakamimina kwenye rediata maji yote waliyobeba ya kunywa. Tabby akakaa mbele, akashusha madirisha, akawasha hita mpaka mwisho.

"Hita? Na hili jua?" Lynn akapiga mayowe.

"Inalitoa joto kwenye injini, inatuletea sisi. Afadhali tuchemke sisi. Anko, twende pole pole."

Wakaenda hivyo, jasho likiwatiririka, poda ikishuka mashavuni. Lynn alinung'unika, kisha akashindwa kujizuia, akacheka. Gerishon naye akaanzisha wimbo wa arusi wa Kikuyu. Mshale ukanyemelea nyekundu, ukasita, ukarudi.

Kwenye lango la kanisa Kimanzi akaja mbio. "Tabby! Umekuwa ukilia?"

"Nilikuwa napoza injini."

Kimanzi akaangua kicheko. Mamake Kimanzi akamsukuma mwanawe kando, akafungua leso yake ya kiunoni, akampangusa Tabby uso mzima kama mtoto anayetolewa bafuni.

"Huyu ndiye nilikuwa namtaka," akawaambia wanawake wenzake, na vigelegele vikapasuka. Tabby akaingia kanisani bila poda hata chembe, ameshikana mkono na Gerishon, wote wawili wamelowa chepechepe.