Nilikwenda Goziba Kuhubiri, Nikapewa Mwiko

Rafiki yangu unayesoma, wewe nakuamini, ndiyo maana naanza na aibu yangu kabisa. Mwaka jana nilisafiri mara mbili. Safari ya kwanza niliitangaza Nyanga nzima, mtaa wetu hapa Bukoba. Ya pili niliondoka kimya kimya kama mtu anayekwenda kuchukua majibu ya vipimo. Ungeniuliza mapema ni ipi itanipa furaha, ningekujibu kwa sauti kubwa, na ningekosea kwa sauti hiyo hiyo.

Ile ya kwanza ilitokana na redio. Nilikuwa nachagua maharage, nikasikia mtangazaji anasema mtu akitaka furaha asafiri, aone sehemu mpya, ajipende. Mimi nina miaka arobaini na kitu, nina watoto wanne, kibanja cha migomba, kwaya, na cheti cha kidato cha nne nilichokisomea jioni baada ya kuosha vyombo. Nikasema haya, na mimi nijipende. Tukajikusanya akina mama watano, tukapanda meli mpaka Mwanza, tukakaa hotelini siku mbili.

Kila jiwe nililoliona Mwanza nilipiga nalo picha. Wahaya tunasemwa kwa majivuno, na mimi siku zile sikuwaangusha wanaotusema. Kuna picha moja nimekaa kando ya bwawa la kuogelea, miguu ndani ya maji, kitenge nimekipandisha mpaka magotini na si zaidi, uso nimeugeuza pembeni kama mtu anayewaza mambo makubwa. Nilichokuwa nawaza ni kwamba pale pana utelezi. Nikaiweka kwenye simu watu waione, halafu kila baada ya muda nafungua kuangalia nani ameiona. Walioiona walikuwa wengi. Nilikuwa namtafuta mmoja tu, na hakuwemo. Nikarudi Bukoba na picha mia na moyo mzito kuliko nilioondoka nao.

Huyo mmoja ni mwenzangu wa dawati. Tulikutana shule ya jioni, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto. Hesabu zilikuwa zinanipita kama msafara wa mkuu wa mkoa, yeye akawa ananifundisha kipindi kikiisha. Nilikuwa na mimba ya binti yangu wa pili, na yeye ndiye aliyekuwa ananibebea madaftari mpaka njia panda. Mtoto alipozaliwa sikutafuta mtu mwingine. Yeye akawa mama yake wa ubatizo.

Baadaye mume wake akafariki, na mwaka uliofuata akahamia Goziba, kile kisiwa cha wavuvi upande wa Muleba, akafungua mgahawa. Siku moja kwenye kikundi chetu cha akina mama kanisani, mtu akaomba tumkumbuke kwa maombi. Nikasimama mimi. Nikafumba macho, nikasema, "Ee Bwana, mwonee huruma, maana mwanamke mwenye hofu yako hawezi kuchagua kuishi kwenye kambi ya wavuvi." Nililisema kwa sauti ya sala ili lisionekane kuwa ni umbea. Neno hilo lilifika Goziba kabla halijafika mbinguni. Tangu siku hiyo hakupokea simu yangu.

Sasa, niliporudi kutoka Mwanza zilikuwa zimebaki wiki tatu binti yangu apate kipaimara. Tunamenya ndizi, akaniuliza:

"Mama, mama wa ubatizo anakuja?"

"Ana kazi nyingi."

"Nimempigia. Amesema hana neno na mimi, ila kwetu haji mpaka aitwe na aliyemfukuza. Nani alimfukuza?"

Nikamenya ndizi ile ile mara ya pili.

"Basi," akasema, "mimi sisimami pale mbele bila yeye. Nitasubiri mwaka mwingine."

Nilimjua. Ameshasema. Msimamo huo ameurithi kwangu, na siku hiyo nilitamani angekuwa amerithi pua tu. Mwaka mwingine! Gauni limeshashonwa, ndugu wa Muleba wameshaalikwa, na mtoto wangu atakaa benchi la nyuma akiwatazama wenzake, kwa sababu ya sala yangu.

Nikamwambia mume wangu, "Naenda Goziba kumshauri yule dada."

"Kumshauri nini?"

"Mambo ya kiroho."

Akanitazama kidogo. "Haya. Ukimaliza kumshauri, muombe na msamaha."

Kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu, na mimi nilivyokuwa na hatia nikazidisha. Nilikata mkungu mzima wa ndizi, mkubwa kuliko yote kibanjani, nikachukua na majani mabichi ya kufunikia sufuria, pamoja na akamwani, zile kahawa za kutafuna, nimezifunga vizuri kwenye jani kavu la mgomba. Basi likanifikisha Muleba, nikateremka mpaka mwaloni, boti zinapotia nanga, nikaingia kwenye boti na mkungu wangu. Wavuvi waliokuwa wanarudi kisiwani wakapata kazi ya kufanya.

"Nshomile, huyo mwenzako naye mvalishe boya!" Nshomile ndivyo makabila mengine yanavyotutania Wahaya, maana yake nimesoma.

"Mama, wewe umehama? Mbona umekuja na shamba?"

Nikajifanya mtu wa heshima. Nikatoa daftari, maana nilikuwa nimeandika hotuba ya pointi nne. Tatu za mwanzo zilihusu hatari za maisha ya kisiwani kwa mwanamke Mkristo. Ya nne ilisema, "Na kama kuna mahali nilikukwaza." Hiyo kama niliitafuta siku mbili nzima. Tulipofika katikati ziwa likachafuka. Nilitapika mbele ya wavuvi wale wote, na yule aliyenitania zaidi ndiye aliyenishika bega nisianguke majini. "Pole mama," akasema. "Ziwa halijali vyeti."

Tulifika mchana, saa ya chakula. Nikaelekezwa kwenye kibanda cha mabati, watu wamejaa kwenye mabenchi, na mwenzangu yuko katikati ya moshi peke yake. Msaidizi wake alikuwa amekwenda kwenye msiba bara. Aliponiona hakushangaa wala hakutabasamu.

"Waitu, mwenzangu," nikasema, "nimekuja."

"Nakuona. Umekuja kunihubiria au kunisaidia? Kama ni kuhubiri, kaa pale mpaka nimalize. Kama ni kusaidia, mwiko huu hapa."

Nikashika mwiko. Na hapa naomba unielewe: mimi nimekulia kwenye ndizi. Kwangu ugali hupikwa siku ambayo kibanja kimegoma. Mbele yangu kulikuwa na sufuria la kulisha wanaume thelathini, wengi wao Wasukuma waliotoka kuvuta nyavu. Nikakoroga kwa imani. Nilipopakua, ugali ukatandaa kwenye sahani mpaka ukingoni.

Mmoja akainamisha sahani yake, akaangalia unavyotembea. "Mama, huu tunakula au tunakunywa?"

"Muacheni," akadakia mwingine, "kwao ugali ni dawa ya mgonjwa."

"Basi leo tumepona!"

Nikasikia kicheko nyuma yangu. Alikuwa yeye. Alijizuia, akashindwa, akashika nguzo. Akanipokonya mwiko, akaongeza unga, akasonga ule ugali mpaka ukasimama. Hakunisemesha tena mpaka wateja walipoondoka, lakini nilikuwa nimeshakisikia kicheko kile cha shule ya jioni.

Boti ya kurudi ilikuwa keshokutwa. Siku mbili niliosha sahani, nilichota maji, nilichagua mchanga kwenye dagaa. Niliyoyaona pale hayakufanana na sala yangu. Asubuhi kabla ya kuwasha moto alikuwa anasali, na wapishi wawili wa migahawa jirani wanakuja kusali naye, mmoja wao Mwislamu anayekaa kimya kwa adabu hadi waseme amina. Mvuvi aliyekuwa na homa alipelekewa uji kwake bila kuomba. Mimi Nyanga nina jirani mgonjwa ambaye namwombea kila Jumatano nikiwa mbali naye nyumba tatu.

Siku ya pili mchana, tukiwa tumekaa na ungo wa dagaa, daftari liko kwenye mkoba wangu na pointi zake nne. Sikulitoa. Nikasema tu:

"Nilikusema vibaya. Nilijifanya nakuombea. Nilikuonea wivu kwamba umeweza kuondoka ukaanza upya, mimi ningebaki nalia. Nisamehe."

Akaendelea kuchagua dagaa. "Nilikuwa nasubiri uniambie nimekuelewa vibaya."

"Nilikuwa nimeliandika hilo. Ni pointi ya nne."

"Najua. Insha zako zote zilikuwa hivyo. Jibu linakuja mwishoni, tena nusu."

Nikamwambia habari ya mtoto na siku ya kipaimara. Akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika, wakati wa giza ndiyo kazi yenyewe, na mgahawa haukai hata dakika bila mtu. Jumapili yetu ilikuwa imeangukia kwenye giza.

"Nikifunga siku hizo," akasema, "wateja wanahamia kwa jirani, na huenda wasirudi."

Nilitaka kumwambia Mungu atafungua njia, nikaona nimeshamtumia Mungu vya kutosha kwenye kesi hii. Nikasema, "Basi mtoto atasubiri. Nitamwambia ukweli kwamba kosa ni langu."

Akaumaliza ungo kwanza. Halafu akasema, "Nitakuja. Mimi nitapoteza wateja. Na wewe upoteze kitu. Hukunisema chumbani, ulinisema mbele ya akina mama. Ukasimame pale pale."

Rafiki yangu, nilirudi kwenye boti nikiwa nanuka dagaa, mikono imechubuka, sina hata picha moja, maana simu iliisha chaji siku ya kwanza. Aibu kubwa inanisubiri Alhamisi, siku ya kikundi chetu. Na bado nilikuwa naimba. Kwa sauti, sehemu ya alto, peke yangu. Mzee wa injini akauliza kama nimekunywa. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mtangazaji. Hakudanganya kwamba safari inaleta furaha. Ila mara ya kwanza nilikuwa nimekwenda mahali ambapo moyo wangu hauna shughuli, nikashangaa haukufurahi. Mambo ninayoyaamini ni machache: kumtembelea mtu, kukaa naye, kurekebisha nilichoharibu. Safari ya Goziba ndiyo iliyokuwa na mambo hayo, na karibu nisiende.

Alhamisi nikasimama. Mimi ambaye kwenye ushuhuda huwa wa kwanza, siku hiyo nilikuwa wa mwisho. Safari hii sikufumba macho. Nikasema nilichofanya na nilichokiona kisiwani. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima, akavua miwani, akasema, "Asante mwanangu. Na sisi tuliosema amina, tusimame na nani?" Wakasimama wengi, wengine taratibu kwa sababu ya maumivu ya miguu.

Mwenzangu akaja Jumamosi ya kuamkia kipaimara, na boti ya mizigo. Alipika ebitoke, ndizi zetu, jikoni kwangu akanikataza kugusa mwiko. Kesho yake alisimama nyuma ya binti yangu, mkono begani, mchungaji alipomwekea mtoto mikono kichwani. Mimi nilikuwa safu ya tatu, nalia kiasi kwamba jirani alinipa leso yake na hajaidai mpaka leo. Jumatatu alfajiri tukamsindikiza stendi. Baada ya wiki akapiga simu: wateja karibu wote wamerudi, wawili bado wako kwa jirani, na yeye anawavizia.

Ndiyo hayo. Ukishasoma usibaki nayo. Mpe mwenzako, msomee jirani, mtumie ndugu yako aliye mbali, na kama kuna mtu unayemjua ambaye siku nyingi anaahirisha kwenda kwa mtu fulani, mpe yeye kwanza.