Bawa Lililopinda Kama Upinde

Mimi ndiye mhandisi wa ukoo, msinicheke. Nilikuwa nyumbani Gongoni, Tabora, nikijaribu kwenye kompyuta ndege inayokwenda mara tano ya kasi ya sauti. Bawa likapinda kama upinde uliovutwa. Nikarudia hesabu, likapinda vilevile. Nikachanganyikiwa, nikawaandikia wenzangu wote kazini: "Simamisheni kila kitu, ndege itavunjika!"

Baba mdogo, mfuga nyuki aliyetuletea asali kutoka Ipole, alivaa miwani akachungulia.

"Mwanangu, hii 'mara mia tano' hapa pembeni ni ya nini?"

Ilikuwa ya kukuza mpindo kwenye mchoro. Asubuhi niliiweka mwenyewe, ili macho yauone. Bawa lenyewe lilipinda unene wa kidole tu.

Simu ikaita. Bosi.

"Mbona hupokei?" akauliza baba mdogo.