Jogoo Aliyeuzwa Alasiri Nzima

Mfadhili wetu hakutuacha kwa ubaya. Alituandikia kwa upole kwamba elimu ya uraia ilikuwa na miaka yake, na sasa moyo wake umeelekea kwenye miti. Sina ugomvi na miti. Lakini darasa letu la Gachoka lilibaki na chumba cha kukodi, sufuria ya chai na mkufunzi asiye na posho. Kila Jumamosi alasiri lilikuwa likiwakusanya vijana wachuma muguka, yale majani ya kutafunwa, ili wajue bajeti ya kaunti hupangwa vipi, na mtu asimame wapi akitaka kuuliza swali. Mwenye nyumba alitaka kodi au ufunguo wake, mwezi ukiisha.

Maombi ya ufadhili nilikuwa nikiyaandika mimi, mezani kwangu Nchiru, ninakofundisha chuo kikuu. Ni kipaji changu. Naweza kuandika "kuwajengea vijana uwezo" kwa namna nyingi sana, na kila namna ikasikika kama jambo jipya. Safari hii nilituma maombi kila mahali, nikapata majibu ya heshima kutoka kwa watu wote waliokuwa wameelekea kwenye miti.

Ndipo mkufunzi akasema tufanye harambee. Alikuwa mwanamke kijana, mama wa mtoto wa chekechea. Asubuhi alichuma muguka kwenye shamba la watu, na alasiri ya Jumamosi alisimama mbele ya vijana wenzake akawa mtu mwingine kabisa. Darasa likifungwa, angebaki na ile asubuhi tu. Hakuwahi kuniambia hivyo. Niliona namna alivyokuwa akifuta ubao, polepole, kama mtu anayefunika chakula.

"Sawa," nikamwambia. "Lakini harambee bila mgeni wa heshima ni chai ya mchana tu. Kuna yule anayetaka kiti mwaka wa uchaguzi. Ana pesa, na ana hamu ya kuonekana."

"Mwalimu, si wewe ulituambia mtu akikupa kabla ya kura amekukopesha?"

Nilisema hivyo, kweli, nikiwa na chaki mkononi. Ni rahisi sana kuwa na msimamo ukiwa na mfadhili.

"Huyu atatoa kwa moyo," nikasema.

"Akitulipia chumba, humo ndani tutasema nini juu yake? Tutanyamaza tukunywe chai?"

"Bora kunyamaza ndani ya chumba kuliko kusema barabarani."

Alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. "Basi aje kama watu wengine. Kiti cha plastiki, hakuna meza ya maua."

Nikakubali haraka kupita kiasi, kwa sababu nilikuwa nimeshampigia simu, na meza ya maua nilikuwa nimeshamwahidi.

Siku yenyewe tuliazimwa ukumbi wa kanisa. Mnada wa kanisani kila mtu wa huku anaujua: baada ya ibada huletwa mkungu wa ndizi, malenge au kuku, watu wakashindania bei. Anayenunua mara nyingi husema, "Nimerudisha," na kitu kile kile kikauzwa tena. Nimewahi kuona nanasi likinunuliwa hadi likaanza kulainika. Kwetu, bibi wa mmoja wa wanafunzi alileta jogoo mwekundu, mwenye macho ya mtu aliyeitwa mkutanoni bila kuelezwa ajenda.

Mgeni wangu hakufika. Alimtuma msaidizi wake, kijana nadhifu mwenye bahasha na mpiga picha. Alipoona hakuna meza ya maua, alinitafuta kwa macho. Niligundua kwamba kamba ya kiatu changu ilihitaji kufungwa.

Mkufunzi ndiye aliyeendesha mnada. Alimwinua jogoo, na kabla hajafungua kinywa msaidizi akataja bei. Kwa bei ile darasa lingelala salama mwaka mzima. Mpiga picha akapiga goti. Nami, mtu wa msimamo, nikajikuta nikiitikia kwa kichwa, kwa furaha.

Mkufunzi hakuipokea. Alimgeukia mama anayeuza kuku sokoni, aliyekuwa ameketi karibu na mlango.

"Mama, hii jogoo Gachoka ni pesa ngapi?"

Mama akataja.

"Hiyo ndiyo bei yake leo. Haipandi, haishuki. Kila mtu ananunua mara moja, anarudisha. Kaka, bei yako ni ya ng'ombe. Ng'ombe hatujaleta."

Watu wakacheka, na msaidizi akacheka nao, maana hakuwa na la kufanya. Alilipa bei ya soko na kurudisha jogoo. Alipotaka kulipa tena, akaambiwa ameshanunua, awapishe wengine. Nikaketi nikipiga hesabu za huzuni. Niliona ufunguo ukirudi kwa mwenye nyumba.

Kisha mwenye bucha akasimama, Mwislamu mmoja mcheshi ambaye duka lake linatazamana na darasa letu.

"Mimi naijua bei ya jogoo akiwa amekufa," akasema. "Lakini nimewaamini. Leteni."

Akanunua, akarudisha. Mama wa kuku akafuata: "Hata mimi nimenunua kuku, jameni. Leo nimekuwa mteja." Wazee wa kanisa wakaja. Vijana walichangiana watatu watatu, wakamnunua jogoo kwa pamoja, wakabishana nani amshike. Wasio na pesa walileta ndengu za gorogoro, kopo la kupimia nafaka, na mama wa kuku akazikadiria papo hapo. Niliona watu wakisimama ambao, kama bei ya kwanza ingepita, wangebaki wamekaa wakipiga makofi. Jogoo alichoka kuinuliwa. Ilifika wakati akawa anafumba macho mkononi mwa mnunuzi.

Kilichopatikana kilikuwa pungufu sana ya ile bahasha. Kilitosha chumba mpaka msimu ujao wa ndengu, na posho ndogo ya mkufunzi, na chai isiyo na sukari ya kujivunia. Jumamosi iliyofuata aliandika ubaoni mada ya siku: maswali ya kumuuliza kila mgombea, tukianza na yule aliyetuma bahasha.

Siku ile ya mnada mimi nilinunua mwisho, watu walipokuwa wakikunja viti.

"Nimerudisha," nikasema kwa sauti ya ukarimu.

"Umrudishie nani, mwalimu? Kila mtu ameshanunua. Sheria ni moja," mkufunzi akasema.

Ndivyo nilivyofika Nchiru na jogoo kwenye kiti cha nyuma. Nyumba yangu imepakana na hosteli za wanafunzi, naye huwika mapema kuliko mtu yeyote wa chuo kikuu anavyostahili kuamshwa. Juzi walikuja vijana wawili kulalamika, kwa heshima, wakiwa bado na alama za mto mashavuni. Niliwaambia waitishe mkutano, wasikilize pande zote. Wameitisha. Ni Jumapili, na nimeambiwa nije kama watu wengine.