Siku Niliyompelekea Mama Dawa Mlimani

Juzi mafundi walikuwa wakivunja mawe kwenye ploti ya jirani, na ile harufu ya vumbi la jiwe lililopigwa na jua ikaingia hadi jikoni kwangu. Nikazima jiko nikaketi. Mume wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimekumbuka mlima tu.

Ukiuona leo utanicheka kwa kuuita mlima. Ni kilima cha mawe kule upande wa Nguu Tatu, nyuma ya Kiembeni tulikokulia, na mtu mzima hukipanda huku akizungumza na simu. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa darasa la nne, na huko juu ndiko akina mama wa kanisa letu walikokwenda kufunga na kuomba. Waliondoka alfajiri bila kutia kitu kinywani, simu wakaziacha nyumbani, wakarudi jioni sauti zimewakauka. Mtu akiwa mlimani haitwi wala hafuatwi. Hata baba, ambaye hakuwa mtu wa kanisa sana, aliiheshimu sheria hiyo.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya mama. Shule zilikuwa zimefungwa, baba alikuwa kazini bandarini, na sisi watoto tuliachiwa jirani yetu, Mama Furaha. Adhuhuri nilirudi nyumbani kuchukua fulana ya mdogo wangu, nikaiona pakiti ya dawa za presha za mama juu ya meza. Moyo ulinilipuka. Siku chache kabla, mama alikuwa ameanguka jikoni, akaenda chini pamoja na sufuria ya wali, na daktari alimwonya mbele yangu kwamba asiruke dawa hata siku moja. Nikakimbia kuomba simu ya Mama Furaha, nikarudi nayo kwetu nikimpigia. Simu ya mama ikalia chumbani kwake, chini ya mto.

"Mama amesahau dawa," nikamwambia Mama Furaha nilipomrudishia simu.

"Atakunywa akirudi. Mtu aliye mlimani hasumbuliwi, Kadzo. Keti ule."

Sikuweza kula. Mama Furaha alipoingia kuoga, nikakimbilia kwetu, nikatia dawa kwenye mfuko wa gauni, nikachukua chupa ya maji, nikatoka.

Chini ya kilima nilivua champali zangu nikazificha kichakani. Kanisani tulifundishwa kwamba mlimani watu huvua viatu, maana ni mahali patakatifu. Hakuna aliyetueleza utakatifu wenyewe unaanzia wapi, nami sikutaka kumuudhi Mungu siku ambayo nilimhitaji kiasi kile. Basi nikapanda miguu mitupu juu ya mawe makali yaliyochoma kama chuma cha kupikia chapati, nikiruka kutoka kivuli hadi kivuli, na vivuli vyenyewe ni vya miiba. Mijusi ilinikimbia, nami nikaikimbia. Kila jiwe jeusi nililoliona kwa mbali nilidhani ni mama amelala chini. Nilijaribu kuomba, lakini sala iliyonijia ilikuwa ile ya kubariki chakula, nikaisema hivyo hivyo mpaka mwisho.

Karibu na kilele nikakuta jiwe bapa, na kando yake viatu vya watu vimepangwa vizuri. Kumbe walipanda navyo mpaka huku juu! Nikaona uchungu kidogo. Halafu nikavitambua vya mama, na hofu ikarudi yote.

Upepo ulikuwa mkali. Akina mama walikuwa wametawanyika kati ya mawe, kila mmoja akiomba kwa sauti yake, huyu akilia, yule akitembea huku akipiga makofi. Sauti ya mama niliijua. Kanisani ilisikika mpaka barabarani. Nikasikiliza. Haikuwapo.

Nilimkuta nyuma ya jiwe kubwa, amelala chali, leso amejifunika uso. Hakutikisika. Nilishindwa hata kumgusa. Nikaita kwa nguvu zangu zote, "Mama!"

"Abee!"

Aliitika na kuketi kwa wakati mmoja, macho bado ameyafumba, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya msichana aliyeitwa na mamake. Kisha akaniona mimi, akaiona na miguu yangu.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Umesahau dawa."

Akaitazama ile pakiti bila kuipokea. "Sikuzisahau, mwanangu. Niliziacha." Akajifuta uso kwa leso. "Nimechoka kuwa mgonjwa. Nilitaka leo tu, leo moja, nisiwe mgonjwa."

Hapo nikaangua kilio. Mama akanivuta kwake, akameza dawa kwa maji yangu, na mfungo wake ukaishia hapo. "Mungu ananijua," akasema. Tuliposhuka alinivalisha viatu vyake, vikanipwaya, naye akatembea miguu mitupu mbele yangu akinichagulia njia.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nilimwokoa mama siku ile, wala yeye hakunikatalia. Dawa hakuziacha tena. Sasa nami nina watoto, na kuna siku huingia chooni nikafunga mlango nikakaa tu, hata haja sina, nikisikiliza vishindo vyao vinavyonitafuta. Huko chooni ndiko nilikoelewa kwa nini sauti yake sikuisikia kati ya wale waliokuwa wakiomba. Mama alikuwa amelala, na hakuwa na kosa. Kilima kile ndicho kilichokuwa mahali pekee duniani ambapo angeweza kulala mchana bila mtu kumwita. Nami nikamfuata hata huko, nikamwita. Akaitika.