Moteur ya Mazutu Ndani ya Starlet ya Mwalimu Paluku

Usukani uligeuka bure mu mikono yangu, mwepesi sawa kifuniko cha sufuria. Ninaukamata kuume, gari inaenda kushoto. Tulikuwa mu mutelemuko wa barabara ya Beni, muchana kweupe. Mwalimu Paluku, mwenye gari, alikuwa ameketi kando yangu. Alisema neno moja tu: "Muhindo?" Hilo njo jina langu. Chini yetu chuma ikalia sawa fimbo kavu inavunjika, pua ya gari ikaanguka, tukapinduka mara mbili mpaka mu shamba ya mihogo.

Kile ninakumbuka kuliko maumivu ni moteur. Gari ilikuwa imelala ubavu, vioo vimekwisha, muguu wangu umebanwa chini ya tableau, ile dashibodi, na ile moteur ya mazutu, ile inakunywa dizeli, ilikuwa ingali inazunguka. Polepole, bila haraka, sawa mama anatwanga sombe, majani ya mihogo. Batu balikimbia kutusaidia, lakini balisimama kwanza, mikono ku kichwa, banaiangalia. Hata mimi, mu ile damu, niliistaajabia. Kisha nikasikia kwamba kando yangu hapana tena mutu anapumua.

Shule niliacha mwaka wa ine wa primaire, donc fransee yangu ni ya garaji. Lakini kazi ya moteur ninaijua, na vijana bale banafungua garaji leo bajue ilifanyika namna gani, na nani aliiharibu.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa kwa Papa Mbusa, chef d'atelier, mukubwa wa mafundi, ku Mususa, quartier moja ya muji wa Butembo. Nilifikiri atanipa funguo nifungue kitu. Alinipa tournevis moja, bisibisi ndefu. Akasema niweke ncha yake juu ya moteur inayozunguka, na mushiko wake nitie ku sikio.

"Unasikia nini?"

"Makelele, Papa."

"Makelele iko ku soko. Hapa kuko batu bane banaongea. Rudia."

Batu bane ni pistons ine, zile zinapanda na kushuka mu tumbo la moteur. Nilirudia siku nyingi, sikio jeusi kwa mafuta. Asubuhi moja nikasikia: batatu banaongea muzuri, mumoja anakohoa. Nikamwambia Papa Mbusa ni wa tatu kutoka mbele. Akafungua culasse, kile kifuniko kikubwa cha juu, akanionyesha: soupape ya piston ya tatu, kamulango ka kupitisha hewa, imeungua ku pembeni. Mwili ulinisisimuka. Chuma iliniambia siri, na ilikuwa ya kweli.

Garaji ile ilijulikana juu ya gari moja: Starlet ya zamani, ile ndogo yenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Ilizaliwa na moteur iliyoitwa 4K, ndogo, ya heshima. Gari zilizeeka, moteur zikafa, na kila mwenye Starlet alikuja na ulizo lile lile: tuweke gani?

Papa Mbusa alitufundisha hivi: "Musiangalie kwanza nguvu. Muangalie miguu." Miguu ni zile fasi moteur inakanyagia, na zote ziko juu ya traverse. Traverse ni chuma ya kukingama chini ya pua ya gari, toka gurudumu hata gurudumu. Inabeba moteur, inashika magurudumu, na usukani pia umefungwa pale. Ukiikata, umekata vitu vitatu pamoja.

5K ni ndugu mukubwa wa 4K, mama yao mumoja, zote mbili za kunywa esanse, ile petroli. Inatoka mu bisi ndogo za abiria. Miguu yake inaingia fasi ile ile, boîte ya zamani, ile ya gia, inaipokea, na gari inapata nguvu bila kuumizwa. 4A ni moteur ya vijana ya kukimbizana. Ina nguvu ya kuogopesha, lakini miguu yake ni mingine. 2C ni ya mazutu. Inakula kidogo, haichoki, hata maji yakipita juu yake inazunguka. Lakini ni nzito sawa jiwe la mutoni.

Na kulikuwa sheria moja ambayo sijaona fasi ingine: yule alichagua moteur njo anaketi ndani ya gari ku safari yake ya kwanza. Si yule alifunga boulons, zile bolti. Yule alichagua. Client mumoja alimucheka: "Papa Mbusa, unaogopa kazi ya mikono yako?"

"Mikono ni ya hawa bana banajifunza," akajibu. "Macho njo yangu. Ninayaogopa sana."

Nilimuona akiifuata sheria ile siku ya Starlet ya padri. Tulikuwa tumeweka 5K, tukaenda upande wa Luofu, tukakuta mvua imegeuza mulima sabuni. Malori yalikuwa yamezama, chauffeurs, madereva yao, bamekaa juu ya magunia. Padri akafanya alama ya musalaba. Papa Mbusa, ambaye alikuwa Muprotestanti wa kweli, akamwambia: "Mon père, acha Mungu apumuzike kidogo. Hii mulima ni ya 5K."

Ile kagari ilipanda. Ilipita kati ya malori sawa mbuzi kati ya ng'ombe, matope yanaruka mpaka juu ya paa, moteur inaimba sauti moja bila kukatika. Chauffeurs bakasimama, bakapiga makofi. Nilikuwa nyuma, nimekumbatia sanduku ya funguo, machozi yanatoka, wala sikujua juu ya nini.

Kisha nilienda Beni, mu garaji ya malori ya mbao. Mukubwa wangu pale aliitwa chef mécanicien tu, hakuna aliyetumia jina lake. Yeye njo alinifundisha mazutu: moteur isiyo na bougie, haina moto wa umeme, inabana hewa mpaka hewa yenyewe inawaka. "Muhindo, ogopa hewa," alikuwa anasema. Niliiogopa, nikaipenda. Kisha vita mu vijiji ikasimamisha malori, nikarudi Butembo. Nikakuta Papa Mbusa macho yamepungua, ameachia garaji Patron Kasereka, mutu wa kuuza moteur za occasion, zilizokwisha kutumika. Papa Mbusa mwenyewe alikufa mwaka ule ule. Na Kasereka, tangu azaliwe, hajawahi kutia tournevis ku sikio.

Mwalimu Paluku alileta Starlet aliyoachiwa na baba yake. 4K yake ilikuwa imepasuka. Nilienda kwa Patron.

"Patron, hii ni ya 5K. Kuko moja mu dépôt, itaingia bila kukata kitu."

"5K inakula esanse. Mwalimu atatoa wapi esanse? Mupe 2C ile ya pale mulangoni, inanizibia njia."

"Ni nzito, Patron. Itaomba tukate traverse."

"Katembo wa kusoude hana chalumeau ya kukata chuma? Atakata, atasoude. Ao wewe njo uliunda hii gari kule Japani, ingénieur Muhindo?"

Batu bote bakacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko kile kinaniuma kuliko huu muguu.

Katembo, soudeur, fundi wa kuchomelea chuma, alikata traverse ili moteur ipate fasi, akaiunga tena. Nilimuonyesha kwamba soudure yake imeshika juujuu. "Tia bamba ya chuma pale, yaya, mukubwa wangu."

"Bamba nitatia mwalimu akirudi. Patron anataka itoke leo."

Asubuhi nilisimama mbele ya Patron. "Sheria ya garaji, Patron. Wewe ulichagua. Panda."

"Sheria ya Papa Mbusa ilienda na Papa Mbusa. Mimi niko na réunion. Peleka mwalimu Beni, mutarudi munacheka."

Mwalimu akasema: "Twende tu, fundi. Mimi ninakuaminia." Akaweka kiganja juu ya tableau, sawa mutu anagusa mugongo wa ng'ombe wake. Ku barrière ya barabarani soda mumoja, askari mwenye bunduki, alituuliza: "Vieux, hii ni Starlet ao ni moulin ya kusaga unga?" Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho. Mu mutelemuko traverse ikakatika pale pa soudure, na yale mengine nimeshayasema.

Mu hôpital Patron Kasereka alikuja na mukate, na polisi mumoja, na karatasi ya fransee ambayo sikuweza kuisoma. "Tia saini, bakuhudumie." Muguu ulikuwa unaniwaka moto, nikatia. Nyuma ya miezi katekista wetu alinisomea ile maandiko: mekanisie Muhindo alichagua moteur yeye mwenyewe, garaji ilimukataza, hakusikia. Kazi ikaishia pale. Batu banasema niko retraité, mustaafu. Retraité gani, na nywele zangu zingali nyeusi?

Vijana, moteur haina kosa. Ile 2C ilikuwa kazi kubwa ya mikono ya batu, ningeivulia kofia. Tuliitia mu mwili usioweza kuibeba, na ilikuwa kujua kwetu kulikosa, haikuwa nguvu yake. Nikikaa mbele ya nyumba hapa Mususa, na pikipiki zinapita, bado ninahesabu pistons kwa sikio. Bado ninashangaa namna chuma inavyosema kweli. Mutu njo anaikosa.

Mama Kavira, mujane wa Mwalimu, ninapita karibu naye ku soko kila juma. Siku moja alinisimamisha mbele ya batu. "Wewe ulimuchagulia bwana yangu kifo." Nilitaka kujibu. Lakini karatasi iko na saini yangu, na mutu wa ine primaire atasema nini mbele ya karatasi?

Basi ninaandika. Boulons nilizifunga mimi, Muhindo, na nilijua uzito wake, na nilicheka pahali pa kukataa. Hiyo ni yangu, sitaikimbia. Soudure bila bamba ni ya Katembo, na yeye anajua. Sasa wewe, Patron Kasereka. Garaji yako ingali wazi, ungali unachagulia batu moteur. Mama Kavira anakaa nyuma ya école, mulango wa buluu, kila mutu wa quartier atakuonyesha. Enda kwake muchana, peke yako, bila polisi na bila mukate. Simama pale mpaka afungue, umwambie na kinywa chako nani alichagua.